Mbuzi wa Kila Mavuno

Kasongo, 12 Aprili 2024

Mpwa wangu Soraya,

Salaam aleikum. Huku tu wazima, ila goti langu linatabiri mvua vizuri kuliko redio. Mumeo Djuma na watoto hawajambo?

Nasikia umenunua kompyuta ya duka lako la kuchapa. Umenunua? Acha nikueleze, maana nilifundisha miaka mingi na sijachoka. Ndani ya kompyuta kuna mfumo unaoiendesha. Bila huo ni sanduku tu. Zamani mfumo ulinunuliwa mara moja. Wangu niliununua nikiwa bado darasani, na hakuna aliyerudi kunidai. Wako unalipiwa kila mwaka, usipolipa unajifunga. Huko si kununua. Ni kama mhunzi akuuzie jembe, kisha kila msimu aje kuushika mpini mpaka umlipe tena. Hao wa kampuni ni kupe waliovaa tai.

Mjomba wako,
Iliasi

Kabambare, 29 Aprili 2024

Aleikum salaam, mjomba. Tu wazima, na goti lako pole.

Barua yako nilimsomea Djuma. Alicheka mpaka akakohoa. Anasema: "Mjomba alikwisha kula mahari, na bado kila mavuno ya mpunga anadai mbuzi. Yeye ni kampuni gani?" Usikasirike.

Mpwa wako,
Soraya

Kabambare, 6 Mei 2025

Mjomba,

Mfumo umejifunga. Pesa nimetuma, lakini haufunguki bila intaneti, na mnara wa hapa umezimika. Maswali ya mitihani ya shule ninayo, yameandikwa kwa mkono. Nisipoyachapa kufikia Jumatatu, mkuu wa shule atampa kazi Chimène mwenye duka jingine la kuchapa, na bila shule duka langu limekufa.

Niazime mashini yako, ile kompyuta ya zamani. Motari, huyu wa pikipiki, anakuletea mbuzi wa mwaka huu kabla ya mavuno, usije ukanifungia na wewe.

Soraya

Kasongo, 8 Mei 2025

Mpwa wangu,

Salaam aleikum, ingawa safari hii hukunisalimu. Goti lipo.

Mashini hiyo, nimeifunga kwa blanketi. Inanguruma kama kinu na inachelewa kuamka, isubiri, usiipige. Haitakudai kitu. Usiirudishe.

Wale watu nawadharau leo kuliko jana. Hata mbwa wa jirani akila kwako, usiku atakubwekea mwizi. Wao wamekula, kisha wamefunga mlango.

Mwambie Djuma mbuzi wake anarudi na motari huyo huyo. Mwakani asimtume. Sitaki kufananishwa na wale.

Mjomba wako,
Iliasi