Kata Moja kwa Wagonjwa Wote

Ndugu yangu Athumani, pokea salamu za mtu aliyechuchumaa.

Kidonda cha panga nilichopata mguuni shambani huku Malindi kimepona, lakini hospitali imenipa kuhara. Wagonjwa wote twanywa kwa kata moja, na anayetuchotea maji ndiye amwagaye ndoo za choo. Jirani yangu wa kitanda tulimzika jana.

Tabibu akaniuliza, "Wewe ulikuja na mguu. Kuhara umekutoa wapi?"

"Humu humu, bwana. Sikuja nako kutoka nyumbani."

Wenzangu wakacheka, kisha wakagombania ndoo.

Sasa badala ya maji nanywa madafu tu, nayapasua mwenyewe. Leo uji umekaa tumboni. Mwambie mama asitafute wasomaji wa hitima, atafute kuku mnono.

Nduguyo akupendaye,
Salimu