Porini Hatuitani Majina

Mjukuu wangu Zuhura,

Salamu zangu zikufikie huko Mwanza. Mie hapa Tabata mzima, goti tu ndilo linanisumbua. Mama yako mdogo wa Kipawa kajifungua salama, mtoto wa kiume.

Uliniuliza kwa nini nikirudi nyumbani nagonga mwimo wa mlango, na ndani hamna mtu.

Enzi za Mwingereza huku kulikuwa pori, na marehemu baba yangu akiwinda kwa upinde. Siku akinichukua alinionya: porini hatuitani majina, maana hujui nani ataitika. Tukipoteana, yeye atagonga mti kwa kipini cha kisu, nami niufuate mlio.

Basi siku moja nikanogewa kuokota na kula mabungo. Kuinua kichwa, baba simwoni. Nikakaa kimya, machozi yananitoka, mpaka nikasikia: ko, ko, ko. Nilipomfikia, paa alikuwa anatokomea vichakani, na baba mkononi ana mshale ambao hakuurusha. Alikuwa kamnyemelea yule paa tangu asubuhi, na nyumbani hatukuwa na kitoweo.

Alinifuta uso, tukarudi. Mama alipomuuliza, akajibu, "Leo wanyama wamehama." Hakulitaja tena jambo lile mpaka tunamzika.

Ndiyo maana nagonga, mjukuu wangu, kisha nasimama kidogo nje, nasikiliza. Tangu babu yako aondoke, nyumba hii imekuwa kubwa.

Ukija Idi, usipige hodi wala usiniite. Gonga tu mwimo. Nitaufuata mlio.

Bibi yako