Nyama ya Watalii

Jumamosi, 1 Machi. Kibua
Nimebandika afishi ya sita ya shirika letu la kulinda msitu, ukutani kwa kanisa. Watu wanapita wakitazama chini. Wananidhania mpelelezi. Miezi miwili tangu nitoke Sake, na anayenisalimia ni jirani tu, Mama Neema. Leo kaniletea sombe, majani ya muhogo, na sufuria yake kaniachia. Nimekula taratibu ili asiondoke.

Jumapili, 2 Machi
Baada ya ibada nilisema yale yale. Sheria inakataza kuua sokwe na kakakuona. Msitu ukibaki na uhai, watalii watakuja, vijana watapata kazi. Mama Neema peke yake alipiga makofi. Nusura nilie.

Jumanne, 4 Machi
Mvua. Mama Neema kaniita jikoni. Juu ya moto, kakakuona. Amekaushwa, magamba yote.

"Dada, angalia, nilikuchungia hii! Nilituma bwana yangu atege. Batoto balilia njaa, sikubapatia hata kidogo. Sheria inakataza sisi; hii iko nyama ya batalii. Bakifika, batakula."

Nilimjibu: "Mama, habakule. Banakuya kuiangalia tu, ikiwa muzima."

"Kuangalia? Sasa juu ya nini uliandika tuchunge nyama?"

Jumatano, 5 Machi
Nimesoma afishi upya. TUCHUNGE NYAMA ZA PORI KWA AJILI YA WATALII. Mwandiko wangu. Huku kwetu nyama ni mnyama, na nyama ni ya sufuria. Kuchunga ni kulinda, na kuchunga ni kuweka akiba. Mimi mzaliwa wa Masisi, ninayesema lugha hii hii, sikuliona! Mjinga kabisa. Mnyama kafa kwa ajili ya maneno yangu, na watoto wamelala njaa kwa sababu yake.

Ijumaa, 7 Machi
Nimepanda mlima kutafuta rezo ya simu. Nimemweleza shefu wangu wa kazi, aliye Sake, yote isipokuwa jina la aliyetega.

"Andika jina kwenye rapoti. Sheria njo sheria."

Nikiliandika, bwana wa Mama Neema atafungwa. Nisipoliandika, kazi yangu imekwisha. Sheria hiyo naihubiri mimi mwenyewe. Nimeshuka na hasira, sijui ya nani.

Jumamosi, 8 Machi
Rapoti imeisha. Penye jina la mkosaji nimeandika langu. Basi.

Jumanne, 11 Machi
Mlinzi wa msitu kaja kuchukua rapoti. Tuliongea njiani, mbele ya watu. Mama Neema alikuwa anatwanga sombe. Alituona. Akaacha mchi, akaingia ndani, akafunga mlango. Nilitaka kukimbia nimwambie sikuwataja. Mlinzi alikuwa bado anaongea.

Ijumaa, 14 Machi
Ujumbe wa shefu umefika: kazi imekwisha, nirudi Sake. Nimebandua afishi zote kwa kisu.

Jumamosi, 15 Machi
Nimebisha kwa Mama Neema. Nikaita. Moshi ulikuwa unatoka jikoni, kwa hiyo alikuwa ndani, lakini hakufungua. Nilikuwa nimeosha sufuria yake kwa majivu, nikaiweka mlangoni. Pikipiki ya kwenda Mpofi, nikapate gari la Sake, ilikuwa inangoja. Kwenye kona niligeuka. Sufuria ilikuwa bado pale.