Mafundo ya Nyuzi

Machi 3

Shangazi, shikamoo. Kifua kimepona? Sisi huku wazima, ila nina jambo sijamwambia mtu tangu nizaliwe: nyekundu na kijani mimi sizitofautishi. Shuleni nasoma majina yaliyoandikwa kwenye penseli za rangi, basi.

Juzi mwalimu wa biolojia kafundisha DNA, kwa Kiingereza. Nimeelewa kuliko nilivyotaka. Jeni ya kuona rangi binti hupata nakala mbili, ya baba na ya mama. Ili awe kama mimi, zote mbili ziwe na hitilafu. Baba mtu anayo moja tu, na ndiyo anayompa binti, kwa hiyo lazima naye awe hivi hivi. Na baba ni fundi cherehani! Miaka yote analinganisha nyuzi na vitambaa, hakosei.

Shangazi, mimi mtoto wa nani? Mama naogopa kumuuliza.

Binti wa kaka yako (kama ni kweli)

Machi 19

Kimya wangu, marahaba. Kifua kimetulia. Barua yako nimeicheka, halafu nikaona haya: kumbe mwenzangu unateseka.

Baba yako! Utotoni akitumwa nyanya zilizoiva, analeta mbichi kikapu kizima. Tukamwita Mbichi. Alipoanza kujifunza cherehani, nilimfungia kamba kwenye kila kikasha cha nyuzi: nyekundu fundo moja, kijani mafundo mawili. Akaniapisha. Nani atampa kitambaa fundi asiyeona rangi? Leo kiapo nimekivunja kwa ajili yako. Nenda kapapase. Ukibisha, shauri yako na mwalimu wako.

Shangazi yako, wa damu

Machi 24

Shangazi, shikamoo tena. U mzima? Naandikia kwenye meza ya baba ya kukatia. Kampelekea jirani suruali yake. Nimefumba macho nikapapasa vikasha. Fundo moja. Mawili. Nimelia kidogo, usimwambie mtu.

Asubuhi mteja kauliza, "Fundi, uzi huu unaendana kweli?" Baba akajibu, "Kitambaa chako, macho yako, mama. Niambie wewe." Nami, nisiyefungua mdomo mbele ya wageni, nikadakia: "Hapa kwetu ndivyo tunavyofanya." Baba kanitazama, kanitazama.

Nitamwambia mwenyewe, leo hii. Wewe sitakutaja. Nitaanza na zile penseli, halafu

Nyayo zake hizo mlangoni. Naificha karatasi chini ya kitambaa, sijui chekundu, sijui cha kijani. Hata yeye hajui.

Binti wa Mbichi