Msimu Usiokuwamo Katika Majalada Yako

Mpendwa Tata, baba yangu,

Jana nilikabidhi nyaraka zako kwa watu wa chuo kikuu. Nakuandikia hadharani, jambo ambalo wewe usingelipenda, kwa sababu kilichonisumbua wiki nzima ni kitu kilichofichwa, na sioni haki ya kukishughulikia kwa kuficha tena.

Unakumbuka ulivyokuwa ukiandika. Ukirudi kutoka halmashauri ya wilaya, uliyoiongoza kama mwenyekiti miaka yote ya utoto wangu, hukugusa chakula kabla hujanakili yaliyosemwa siku hiyo. Uliandika hata jina la jirani aliyekuja kuomba chumvi. Kila jalada ulilifunga kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, nami ndiye niliyekukatia kanda hizo kwa mkasi wa mama, vidole vikinuka mpira hadi kesho yake. Nilipokuuliza kwa nini usiandike yaliyo muhimu tu, ulinijibu kwamba la muhimu hujulikana baadaye.

Unakumbuka pia safari za Matongo, kijiji cha kando ya mgodi. Ulinipakia nyuma ya pikipiki, tukapita kando ya vifusi vya mgodi, na watu waliokuwa wakihofia kuhamishwa wakatoka mashambani kukulaki. Ulizima pikipiki mbali na boma ili usiwashtue ng'ombe. Ulikuwa mtetezi wao. Ndivyo walivyosema wote waliosimama kuzungumza msibani, na ndivyo nilivyosema mimi.

Nilipofungua chumba chako hapa Nyamisangura, nilikuta majalada yamepangwa vizuri mno. Karibu yote yana mpira wako, umekauka na kupasuka. Mawili yamefungwa kwa kamba mpya ya katani, na kati ya hayo mawili ndipo ulipopaswa kuwapo msimu wa mazungumzo ya kuhama. Ndio msimu ambao baada yake kaya za upande wa mtoni ziliondoka kimyakimya, na Matongo ikaanza kunong'ona kwamba mwenyekiti amewauza. Ya msimu huo hamna hata karatasi moja.

Nilimuuliza Baba Mdogo, aliyekaa na ufunguo tangu tukuzike. Akasema ni panya. Nikamwambia panya hao ni wasomi, wanajua msimu wa kula na msimu wa kuacha. Alicheka, akasema chuo kimeniharibu, nimekuwa mpelelezi wa panya. Kisha, bila kucheka, akanishauri nichukue karatasi chache za msimu uliotangulia nizisogeze mbele, pengo lisionekane. Tangu hapo sikulala vizuri. Nilikumbuka kwamba alipata kiwanja karibu na bwawa la Manchira miaka hiyohiyo. Nikakumbuka pia kwamba watu wengi hununua viwanja, na kwamba ni yeye aliyekulisha kwa kijiko mkono wako ulipokataa kuinuka.

Nilikwenda kwa bodaboda hadi kwa bibi Bhoke, yule uliyemwita mama ingawa hakukuzaa. Nilimwamkia, nikaketi, nikamweleza yote, naye akinisikiliza huku akipepeta ulezi. Alisema msimu ule mambo hayakuamuliwa ofisini. Yalipelekwa kwenye ritongo, baraza la jamii, naye alikuwapo badala ya marehemu mumewe. Wote walikula kiapo cha kutotoa neno nje, na sharti la kwanza lilikuwa kwamba kalamu yako ibaki nyumbani.

"Mliamua nini, bibi?"

"Wewe una digrii ngapi?"

"Mbili."

"Basi kasome ya tatu. Kiapo hakikusema nimwambie binti wa mwenyekiti."

Nilirudi na maelezo ambayo yalinitosha hadi nilipofika barabara ya lami. Kiapo kinaeleza kwa nini hukuandika. Hakielezi kamba mpya, wala ushauri wa Baba Mdogo. Na ni nani aliyependekeza kiapo hicho? Usiri huwalinda wanyonge dhidi ya masikio ya wenye mgodi. Humlinda vilevile aliyewakubalia wenye mgodi kwa niaba ya wanyonge. Au huenda uliandika baadaye, peke yako, kwa sababu hukuweza kuacha, na mdogo wako alipozikuta karatasi hizo akazichoma kwa hofu. Kwetu kiapo kikivunjwa hakimwandami aliyekivunja peke yake, huiandama nyumba. Ikiwa ndivyo, ninamshuku mtu aliyekuwa akiniokoa. Nimeyapima yote matatu, na kila moja husimama hadi ninapolitazama jingine.

Watu wa chuo walipofika walinipa hati ya makabidhiano, nami nilitakiwa kueleza kama mkusanyo umekamilika. Baba Mdogo alikaa karibu na dirisha. Niliandika kwamba msimu wa mazungumzo ya kuhama haumo, na kwamba mimi, mwanao, sijui kwa nini. Aliniomba nimsomee. Nikamsomea.

"Umemvua baba yako nguo mbele ya wageni," akasema.

"Sijamvua, Baba Mdogo. Nimekataa tu kumvisha."

Aliondoka bila kunywa chai. Masanduku yakabebwa.

Sijui, Tata, kama uliwashikilia watu wako au uliwaacha. Miaka yote nilikupenda kwa kudhani najua. Sasa najifunza kukupenda bila dhana hiyo, na ni kazi ngumu kuliko msiba. Kama kuna mtu wa Matongo anayesoma hapa, ambaye kiapo hakikumfunga au kimemchosha, nyumba ya Nyamisangura iko wazi. Aje hata kama atakayoyasema yatakuwa dhidi yako. Nitamwekea kiti chako, nami nitaandika.

Pumzika, Tata, ikiwa uliyoyanyamazia yanakuruhusu.

Binti yako wa kwanza