Mwaka Huu Ng'ombe Watashuka Bila Maua

Malisho ya Hinterwang,
Liechtenstein.
9 Septemba 2018

Mpendwa Annelore, mtoto wa kaka yangu,

Pokea salamu tele za shangazi yako kutoka huku juu. Natumaini hujambo, Colin hajambo, na wale pacha wanakula vizuri kuliko ulivyokuwa ukila wewe, maana wewe ulinichosha na kijiko mkononi. Kifua cha baba yako kinaendeleaje? Mwambie dada yake anamkemea kutoka huku mlimani, aachane na sigara. Mimi ni mzima. Goti la kushoto linalalamika nikiteremka, ila nimeshazoea kulisikia bila kulijibu.

Barua yako niliipata Jumanne. Nimefurahi sana kwamba mnakuja, na kwamba majirani zenu wa Toronto nao wamekata tiketi kuja kuiona nchi ambayo, kwa maneno yako, hawakuwahi kuisikia. Milima ipo. Jibini lipo. Mbuzi mwitu wameanza kushuka kwenye majabali nyuma ya zizi, na majani yameanza kugeuka rangi. Hayo yote watayaona mpaka macho yachoke.

Lakini umeniuliza kama ni kweli ulivyosikia kwamba ng'ombe wa Hinterwang mwaka huu hawatavikwa maua, na kama ni hivyo, mbadilishe tiketi au la. Ni kweli. Na tiketi msibadilishe.

Uliondoka hapa ukiwa mdogo, huenda umesahau. Unakumbuka maua ya karatasi na kengele kubwa na watu wamejaa njiani, kwa sababu hayo ndiyo mtoto hukumbuka. Ila maua si pambo la sikukuu. Ni taarifa. Mwisho wa kiangazi, ng'ombe wakiteremka wamepambwa, kijiji kinajua kwamba huko juu kulikuwa salama. Kukitokea kifo, wanateremka vichwa vitupu na kengele zimezibwa kwa nyasi, na kila aliye njiani anajua bila kuambiwa. Babu yako aliwateremsha hivyo mwaka ule radi ilipoua ng'ombe wawili. Mimi nilikuwa nyuma yake, msichana wa miaka kumi na mbili, nikilia kamasi zinanitoka.

Mwaka huu tumempoteza Vasile.

Sijawahi kukuandikia habari zake sawasawa. Alikuwa mtu wa Moldova, alikuja kufanya kazi kwangu kiangazi kimoja, akarudi kingine, na kingine, hadi mwaka huu ukawa wa sita. Alikuwa mkaidi kama mimi, ndiyo maana tulielewana. Tuligombana kila asubuhi juu ya unga wa mahindi. Mimi naupika wetu, uwe chengachenga, uliwe na kahawa ya maziwa. Yeye alitaka ugali wa kwao, mgumu, wa kukatwa kwa uzi. Akikitazama chungu changu ananiambia, "Mama Hedwig, hiki chakula umekipika au umekiangusha?" Namjibu, "Kula, wewe, usinichefue." Anakula, na anaongeza. Nilimpenda yule mtu, Annelore. Nalisema wazi kwa kuwa alipokuwa hai sikumwambia, na sikuona kama kuna haja.

Mwezi wa Julai ukungu uliingia ghafla wakati wa kukamua, na mitamba wawili hawakuonekana. Nilimwambia angoje. Akasema hawezi kungoja, upande ule kuna genge la mlima. Akachukua fimbo akaenda. Mitamba walirudi wenyewe, wakaja kusimama mlangoni wakitafuna. Yeye tulimkuta kesho yake chini ya genge.

Kaka yake alikuja kuuchukua mwili, ukaenda kuzikwa kwao. Mimi sikwenda. Ng'ombe hamsini na wanane wa wanakijiji wanataka kukamuliwa asubuhi na jioni, na mtu wa kuniachia sikuwa naye. Alizikwa siku ya Alhamisi, nami siku hiyo nilikuwa nakoroga maziwa kwenye sufuria la jibini huku machozi yananitiririka. Hilo limenikaa rohoni. Kwa hiyo elewa, mwanangu: huku kuteremka ndiko kumzika kwangu. Mazishi mengine sina.

Sasa Hugo. Unamkumbuka Hugo, yule aliyekuwa anakuvuta nywele shuleni? Siku hizi ni mwenyekiti wa ushirika wa malisho, na tumbo limemtangulia. Wiki mbili zilizopita alipanda huku na gari limejaa masanduku ya maua. Nikamwambia ayarudishe alikoyatoa. Akacheka, akidhani ni utani wangu wa kawaida. Alipoona sicheki, akaketi na kuanza kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa: Hinterwang haina mwangalizi kama mimi, jibini langu halina mpinzani, na mengine ya namna hiyo.

"Hedi, dada yangu," akasema, "mabasi manne yameshakodiwa. Watu wanatoka mbali kuja kutazama. Tuwaonyeshe nini?"

"Waonyeshe ng'ombe."

"Ng'ombe wako kila nchi. Watu wanafuata maua. Halafu tuseme ukweli, desturi inahusu mifugo na wenyeji. Mifugo yote imerudi mizima. Wenyeji wote wazima."

"Na Vasile?"

"Namhurumia sana, Mungu amweke pema. Lakini alikuwa kibarua, Hedi. Wa msimu."

Nilikuwa nimeshika kata ya maziwa ya moto, na namshukuru Mungu kwamba alinishika mkono. Nikamwambia, "Hugo, mimi nami ni wa msimu. Wewe pia. Ondoka kabla hujaniharibia maziwa." Akaondoka amenuna. Masanduku akayaacha barazani, na yapo hadi leo yamefunikwa turubai.

Siku ya pili akaleta neno la ushirika, safari hii bila kupaka mafuta. Nikiwateremsha ng'ombe vichwa vitupu, mwakani malisho watampa mtu mwingine. Miaka thelathini na moja nimekuwa huku kila kiangazi, Annelore. Nyumba ya kijijini mimi naiona mahali pa kungojea theluji iyeyuke. Wakininyima Hinterwang sijui nitakuwa nani. Usiku ule sikulala, nikajiuliza kama ninagombania haki ya Vasile au ni kichwa changu kigumu tu, kile ambacho marehemu mama alisema kingenifanya nizeeke peke yangu. Kulipokucha nikapiga moyo konde. Wanaweza kuninyang'anya malisho. Kunifanya nipite barabarani na kengele zinalia, nikitangaza kwamba kiangazi hiki hakuna aliyekufa, hilo hawawezi.

Kilichobaki kunitia hofu kilikuwa kimoja: Gebhard. Huyu ni mzee anayeishi jirani na kanisa, mwenye masikio makubwa, mchache wa maneno. Ng'ombe aliyetoa maziwa mengi kuliko wote kiangazi kizima ndiye anayetangulia kuteremka na taji kichwani, na mwenye ng'ombe huyo huongelewa kijijini mpaka Krismasi. Gebhard ameingojea heshima hiyo maisha yake yote. Kila mwaka ng'ombe wake anakuwa wa pili au wa tatu, na kila mwaka wenzake wanamtania kwamba anawalisha magazeti. Mwaka huu, mwenzangu, Bella wake amewashinda wote. Na taji lenyewe mke wake amelitengeneza kwa mikono yake, tangu Februari, kwa matumaini tu.

Nilikuwa tayari kupambana na Hugo. Gebhard sikuwa tayari kwake, kwa kuwa yeye hajanikosea, na ninachomnyima ni kitu chake kwa haki.

Jana alipanda kwa miguu, na umri ule. Nilimwona akija tangu mbali, nikaacha kazi, nikakaa kumngoja na maneno yangu yote nimeyapanga. Hakunisalimu. Aliingia zizini moja kwa moja, akasimama kwa Bella, akampapasa shingo, akamtazama kiwele, akamtazama kwato. Alikaa humo mpaka nikaanza kutokwa jasho. Alipotoka akaketi kwenye benchi kando yangu.

"Hugo anasema unaninyima taji," akasema.

"Nakunyima, Gebhard. Na mkeo pia namnyima. Mnisamehe, lakini sitabadili."

Akatoa kiko, akakijaza, asikiwashe.

"Bella alikuwa anakamuliwa na nani?"

"Na Vasile. Bella hakukubali mtu mwingine amguse. Mimi alinipiga teke."

"Mpaka Julai."

"Mpaka jioni ile ya ukungu. Alimkamua kwanza, ndipo akatoka kwenda kutafuta mitamba."

Mzee akaitikia kwa kichwa, kisha akakaa akiutazama mlima.

"Siku ya kuteremka," akasema mwishowe, "nani anatembea nyuma ya kundi?"

Nyuma, mwanangu, ni mahali pa kibarua. Huko ni vumbi na kinyesi na kuwasukuma wanaochoka, na hakuna mgeni anayekupiga picha. Kwa miaka yote mitano iliyopita palikuwa pa Vasile. Nikamwambia bado sijapata mtu.

"Umeshapata," akasema Gebhard. "Bella atatangulia kichwa kitupu. Mimi nitakuwa nyuma."

Nikamwambia, kwa upole kadiri ninavyoweza upole, kwamba ana miaka sabini na tisa na njia ni ya saa tano. Akaniambia nisimhesabie miaka yake. Akainuka akateremka na kiko chake mdomoni, hakijawashwa.

Basi njooni. Ni Jumamosi ya tarehe 22. Simameni pale njia inapokata kona mbele ya kanisa, mfike mapema maana mabasi ya Hugo yatajaza kila mahali. Waambie majirani zenu wasipige makofi. Waambie pacha wavue kofia. Hugo akinipokonya malisho, nitakuja kukaa kwenu Toronto niwapikie mahindi mpaka Colin akimbie nyumba. Mimi nitapita mbele, msinipungie mkono, sitawajibu siku hiyo. Ngojeni kundi lote liishe kupita, na akitokea mzee mwenye masikio makubwa, amejaa vumbi, ameshika fimbo, ndipo muiname.

Nisalimie baba yako Engelbert, na shangazi yako Rosalia wa Montreal, na mama mkwe wako ambaye jina lake hunitoroka kila mara. Mungu awafikishe salama, awalinde angani na barabarani, na aniongezee nguvu ya goti.

Ni mimi nikupendaye tangu enzi za kijiko,

Shangazi yako Hedwig