Mlango Alioubomoa Baba

Nyumbani kwenu,
Jumapili, tarehe 15 Machi.

Mpendwa wifi yangu,

Hujambo huko uliko? Kifua kimepona, au bado unakohoa na kusingizia baridi? Sisi huku wazima. Watoto wanarefuka miguu tu, kila nikigeuka viatu vimebana. Wazee wako hawajambo, na kaka yako hajambo, ingawa mwezi uliopita nusura nimkoseshe amani ndani ya nyumba yake mwenyewe. Hilo nitalifikia.

Kwanza hongera kwa kumaliza mitihani. Ujumbe wako ulipofika mama alipiga vigelegele peke yake mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Matokeo tunayasubiri kwa moyo mweupe, kwa jinsi ulivyojitesa na vile vitabu.

Sasa nivute pumzi, maana nina jambo la kuungama na jambo la kushukuru. Naungama kwamba tulikudanganya. Ulipopiga simu mwezi uliopita ukauliza mbona husikii sauti ya Mtangazaji, ile ya kompyuta ya baba, nikakujibu kwamba baba amelala. Baba hakuwa amelala. Kompyuta yake ilikuwa na siku ya tano haiwaki, na tulikuwa tumekubaliana usiambiwe neno mpaka uweke kalamu chini. Nilijua ukisikia tu, utafunga vitabu uanze kutafuta tiketi. Nisamehe, wifi.

Wewe unajua kuliko sote ile kompyuta ni nini humu ndani. Tangu baba apasuliwe koo hana sauti, na macho ya mama siku hizi yanatofautisha mchana na usiku tu. Baba akiandika kwenye karatasi, mama haoni. Mama akiongea, baba hana cha kumjibu nacho. Ulipokuja likizo ukaweka ile programu inayosoma kwa sauti anachoandika baba, ukagundisha kifungo cha shati kwenye kitufe kimoja ili mama akikipapasa asikie tena maneno ya jana na juzi. Uliona umefanya kazi ya mchana mmoja. Sisi tuliona wazee wamerudishiana. Mama mpaka leo analalamika kwamba aliolewa na mwashi na sasa anazeeka na mtangazaji wa redio, lakini ole wako umguse Mtangazaji wake.

Basi mambo yalianza hivi. Kompyuta ilianza kutuambia kwamba nafasi imejaa, haiwezi kuhifadhi mazungumzo mapya. Mimi kwa kujifanya mjuaji nikamshauri mama tufute ya zamani. Akaniuliza kwa upole tu nitaanza kufuta siku ipi. Nilitamani ardhi ipasuke. Baba alikuwepo, akasikia yote.

Jumanne iliyofuata, asubuhi, mama akabonyeza kifungo chake, kimya. Nilipotazama nikakuta kioo cheusi na mstari mmoja wa maandishi meupe unaosema hakuna cha kuanzia. Nikazima, nikawasha. Nikachomoa waya, nikarudisha. Nikaipigapiga ubavuni kama mtu anayemwamsha mlevi. Mstari ukabaki ule ule.

Mshtakiwa wa kwanza akawa kaka yako, kwa sababu ya zile filamu zake anazozijaza humo. Alijitetea, nikamwambia asinichoshe. Siku tatu nilimwekea chakula mezani bila kumtazama usoni. Naye kwa upole wake akawa anakula tu, huku baba amekaa pembeni anatazama kikombe chake.

Halafu ikaanza kazi ambayo sitaisahau. Nikawa mimi ndiye mdomo wa baba. Anaandika kwenye karatasi, ananipa, namsomea mama. Mwanzoni nilijiona wa maana. Lakini wifi, hebu fikiria: mzee gani ataandika maneno ya kumwambia mkewe, akijua yatapita kwanza kwa mkwe? Nilikuwa nasoma chai imepoa, dawa zimebaki mbili, mwambie mama avae sweta. Basi. Watu waliokaa pamoja miaka arobaini wakawa wanaongea kama matangazo ya ofisini.

Siku moja mama alicheka kidogo, akasema nimuulize baba kama anaikumbuka ile siku ya mvua, alipokuja kumtembelea mara ya kwanza. Baba uso wote ukafunguka. Akaandika haraka haraka, mistari minne, mitano. Kisha akainua macho akaniona nimenyoosha mkono. Akaikunja ile karatasi, akaitia mfukoni, akachukua nyingine akaandika neno moja: Nakumbuka. Nikalisoma. Mama akasema, "Haya." Nilitoka nje nikaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Siku ya sita niliipeleka kompyuta kwa fundi mmoja wa karibu. Hakuangalia hata dakika kumi. Akasema diski imekwenda na maji, dawa ni kufuta kila kitu na kuweka upya. Nikampigia mama simu kumuuliza. Akaniambia, "Humo ndani mna maneno ya mume wangu. Irudishe hivyo hivyo ilivyo." Nikaikumbatia, nikarudi nayo.

Nadhani baba kusikia neno kufuta ndiko kulikomshinda. Asubuhi yake aliniita kwa kugonga meza, akanipa karatasi kubwa, nyuma ya kalenda ya mwaka jana. Nilipoifungua nikakuta ramani ya nyumba. Ndivyo nilivyodhani. Vyumba vimepangwa mstari mmoja, kuta zimenyooshwa kwa rula, na kila chumba kimeandikwa ukubwa wake kwa ile penseli yake bapa ya kazini. Kimoja cha mbele kabisa, kidogo, kilikuwa kimepigwa alama ya X.

Wifi, hapa na wewe una sehemu yako ya lawama. Si ulimwambia mwenyewe kwamba diski imegawanywa kama nyumba yenye vyumba? Sasa ukimwambia hivyo mwashi, unategemea nini? Alikuwa amefungua ile picha ya vyumba uliyomwonyesha, akaona chumba cha mama kimejaa, na mbele yake kijichumba hakina jina, ukichungulia hakina kitu. Chini ya ramani alikuwa ameandika: "Nilikivunja nipanue cha mama. Nikaona ni nafasi inayokaa bure. Kijana wangu hana kosa."

Yeye mwenyewe alikuwa ameinamisha kichwa kama mtoto. Sikujua nimkasirikie au nimwombee dua. Lakini nilichoshangaa ni ile karatasi. Aliichora kabla hajagusa kitu, kwa sababu maisha yake yote hajawahi kubomoa ukuta bila kupima kwanza na kuandika.

Ikabidi niende kumwomba kaka yako radhi. Akasema amesamehe, ila kwa siku mbili niwe namwita mheshimiwa. Nikamwita.

Pale kwenye duka la fotokopi kuna dada mmoja sote tunamwita Miwani, maana anazo mbili, moja ya machoni na moja ya kichwani, na huwa anazitafuta zote. Nilisikia ana mkono mzuri kwa kompyuta. Baba akakataa kubaki nyumbani. Alivaa shati lake la kupigia picha, akaibeba ramani mwenyewe. Miwani hakuanza na kompyuta. Alitandika ile karatasi juu ya mashine ya fotokopi, akaisoma kutoka kushoto kwenda kulia, kidole kikifuata kuta. Kisha akamgeukia baba, si mimi, akamwambia:

"Mzee, hapa hakuna kilichokufa. Vyumba vyote vipo, umebomoa mlango tu."

Akatueleza kwamba kile kijichumba kisicho na jina ndicho kompyuta inachoingilia inapoamka. Kisipokuwepo inabaki nje, haijui ipite wapi, hata kama ndani kila kitu kiko mahali pake. Tena akacheka, akasema nafasi yote aliyoipata baba kwa kukivunja isingetosha mazungumzo ya siku mbili. Baba alitikisa kichwa, lakini niliona mabega yake yameshuka kidogo, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Akasema sasa anahitaji flashi ya kuingilia ndani kwa kupita dirishani, na flashi ya namna hiyo yeye hana pale dukani. Ndipo nilipokukumbuka.

Unakumbuka siku uliyoondoka? Ulinipa bahasha umeandika juu yake Siku ya Kilio, ukaniambia ndani mna flashi ya kuamshia kompyuta ikizimia. Nilikucheka mbele ya watu. Nilisema wifi yangu ni mwoga, anaandaa sanda ya mtu mzima wa afya. Nikaitupia kwenye droo ya vitambaa vya meza, sikuiwaza tena. Siku hiyo nilitoka pale dukani mbio, kandambili moja ikakatika njiani, sikusimama. Bahasha ilikuwa pale pale.

Miwani aliichomeka, akawasha huku amebonyeza kitufe, na kioo kikaleta vyumba vyote vimejipanga sawasawa na ramani ya baba, kasoro kile cha alama ya X. Akafungua kile kikubwa. Yakatokea mafaili ya mama, kila siku na tarehe yake, hakuna hata moja lililopungua. Wifi, nililia mbele ya watu waliokuja kupiga picha za pasipoti, na sikuona haya.

Kabla ya kugusa lolote alinakili mafaili yote ya mama mahali pengine. Kisha akamega kidogo kwenye mwisho wa chumba cha filamu za kaka yako, akajenga kijichumba kipya, ukubwa ule ule aliouandika baba, akaanza kuandika amri kwenye kioo cheusi. Mara ya kwanza ikagoma. Akavua miwani, akavaa nyingine, akagundua hakukiandaa kile kijichumba kwa namna inayotakiwa. Akarudia. Baba alikuwa amesimama nyuma yake, mikono mgongoni, kama alivyokuwa akisimamia vibarua. Mara ya pili ikakubali. Kabla ya kufunga kazi, Miwani akampisha baba kwenye kiti ampe kijichumba jina, kisije kikavunjwa tena na mtu mwema. Baba akaandika kwa herufi kubwa: MLANGO.

Tukachomoa flashi, tukawasha. Ikawaka. Baba alimshika Miwani mkono kwa mikono yake yote miwili, hakuuachia mpaka mteja wa nyuma akakohoa.

Nyumbani mama alikuwa kwenye kiti chake. Nikaiweka kompyuta mezani, nikauongoza mkono wake mpaka kwenye kifungo. Hakukibonyeza. Alisubiri. Baba akaketi, akaandika kwa vile vidole vyake viwili, na Mtangazaji akasema kwa sauti yake ya taarifa ya habari:

"Mke wangu, ni mimi niliyeiharibu."

"Nilijua tangu siku ile," mama akasema. "Ulikuwa unapima meza kwa shubiri, kama kila unapotaka kubomoa kitu. Nilisikia vidole."

Baba akamuuliza mbona hakusema. Mama akajibu, "Nilitaka uniambie wewe. Sikutaka kusikia kwa mdomo wa mkwe." Kisha akauliza kama bado anayo ile karatasi ya siku ya mvua. Baba akaitoa mfukoni. Ilikuwa imechakaa kwa kukunjwa, alikuwa nayo siku zote hizo. Na mama, kama vile ameiona, akanigeukia: "Mwanangu, hebu katazame kama maji yamechemka."

Sikuwa nimebandika maji yoyote. Nilitoka nikafunga mlango, nikasimama jikoni mbele ya jiko lililozimwa. Kupitia ukutani nikamsikia Mtangazaji anasoma, polepole, na mama anacheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia tangu niolewe humu, na baba anagonga meza kwa kiganja, maana ndivyo anavyocheka siku hizi.

Walisema nini, sijui. Na hiyo ndiyo shukrani yangu kwako, wifi. Siku kumi nilijua kila neno la baba yako kwa mama yako, na sijawahi kubeba mzigo mzito kama ule. Sasa sijui chochote. Bahasha yako imenirudishia kutojua kwangu, na ninakushukuru kwa moyo wangu wote, mimi niliyekucheka.

Kaka yako anakusalimu sana, ameondoa filamu zake zote kwenye kompyuta bila kuambiwa, nafasi yote kamwachia mama. Watoto wanakusalimu na kuuliza utarudi lini. Msalimie shangazi hapo unapokaa, mwambie ile kanga aliyoniletea bado haijapauka. Miwani naye anakusalimu ingawa hamjuani; anasema mtu aliyeandaa ile flashi ana akili timamu. Bahasha nimeirudisha, lakini si kwenye droo ya vitambaa. Iko kabatini pamoja na vyeti vya watoto.

Mungu akufungulie kila mlango unaoukusudia, na akurudishe kwetu salama.

Wifi yako akupendaye,
aliyestaafu kazi ya kuwa mdomo wa baba.